Meza Ilivyoonekana Kutoka kwenye Stuli

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani, na karibu nusu ya waliojaa walikuwa wateja wa Kasorobo. Mwenyewe alikaa mstari wa mbele, amevaa shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi ile kwa mkono mmoja. Jina la Kasorobo alipewa na wateja hao hao, kwa sababu kilo ya nyama katika bucha yake haikuwahi kufika kilo tangu mizani iliponunuliwa. Mbele yake walimwita Baba Chiriku, wakamwamkia kwa heshima, wakapokea nyama pungufu na kushukuru. Alikuwa na mikono mizito, na mtaa mzima ulijua inafanya kazi gani akisharudi nyumbani.

Mkewe, Mama Chiriku, fundi cherehani, alikaa pembeni yake amefunika mkono wa kushoto kwa ncha ya mtandio. Kidole kimoja kilikuwa kimevimba na hakijanyooka tangu kilipovunjwa. Binti yao wa pekee alisimama ukutani pamoja na wanafunzi wenzake wa mwaka wa mwisho. Jina la Chiriku alilipata utotoni kwa kupayuka kutwa nzima. Siku hizi ukipata kutoka kwake "ndiyo" na "hapana", umebahatika.

Mwalimu wa sanaa alikuwa amewapa wanafunzi kazi moja. Kila mmoja achague mahali pa kukaa kwenye meza ya chakula ya kwao, asihame, na achore anachokiona kutoka hapo hapo. Hakutaka watu ndani ya picha, vitu tu. Rangi na ukubwa wa vitu, aliwaambia, mwulizeni moyo. Picha zote zikatundikwa ukumbini, na profesa mmoja, mama wa makamo kutoka chuoni, akaalikwa azichambue mbele ya wazazi. Akaipita ya kwanza, akaipita ya pili, akasimama mbele ya picha ya Chiriku na hakuondoka tena.

"Tuanze na meza," alisema. "Mmewahi kuona meza nyekundu namna hii? Hii nyekundu bado mbichi. Tena meza imeinama, kila kilichokuwa juu yake kinataka kuteleza. Mchoraji anatuambia kwao hakuna kilichotulia."

"Ni meza ya bucha hiyo!" sauti ya mtu ilitoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Kasorobo naye akacheka, meno nje, macho yakiwa yamesimama.

Profesa aliendelea bila kugeuka. Mama yule alikuwa na elimu yake na alikuwa akiifurahia, na hakuna aliyemwambia kwamba mwenye nyumba amekaa hatua chache kutoka kwenye kisigino chake. "Tazameni birika. Ubavu umebonyea, na birika halijibonyezi lenyewe. Tazameni sahani tatu, moja imemeguka. Maziwa ni meusi. Mkate umekatwa vipande, vipande vyote vimerudi nyuma kama vinamkimbia mtu. Huyo mtu hayumo kwenye picha, lakini nani hapa hamwoni?"

Walimwona wote. Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea mstari wa mbele, kisha vikarudi haraka kutazama picha. Mama Chiriku aliinamisha uso. Aibu aliyoificha kwa mitandio na visingizio miaka yote hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari minne, na mgeni anaipitia kwa fimbo ya kuelekezea.

"Sasa njooni hapa chini," alisema profesa, na fimbo ikashuka mpaka ukingo wa picha. "Kitambaa kimekunjwa. Chini ya kitambaa mpini wa kisu umechungulia. Mpini huu ni mkubwa kuliko birika! Kwa nini? Hofu hukuza mambo, ndugu zangu. Kisu ni mamlaka, ni baba. Na mchoraji ametazama kutoka chini kabisa, ukingo wa meza unamfika kidevuni. Mnyonge hutazama hivyo. Mimi naiita picha hii picha ya woga."

Kasorobo hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa akiutazama mpini. Ulizungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, na juu ya mpira waya wa shaba, na mwisho wa waya umepindwa kwa ndani usikwaruze kiganja. Waya ule aliupinda yeye mwenyewe. Kilikuwa kisu chake cha kuchunia, chembamba, chepesi, kilichopotea bucha mwezi uliopita. Kwa ajili ya kisu hicho alimfukuza kazi msaidizi wake, mtu mzima mwenye familia, akimwita mwizi mbele ya wateja. Kisu hicho hicho alikiulizia nyumbani, na mkewe aliposema hajakiona, akakipinda kidole chake nyuma mpaka kikalia.

"Mzazi wa huyu binti yupo?" aliuliza profesa.

Kasorobo akasimama.

"Nipo. Nimejifunza mengi leo," alisema kwa sauti ya upole ambayo mkewe aliifahamu vizuri kuliko kelele zake. "Sikujua kwamba nina mtoto mwenye macho namna hii."

Wakapiga makofi. Mama Chiriku naye alipiga, mkono mzima juu ya mkono mbovu. Mumewe alikuwa amesikia habari ya kisu. Yeye alikuwa amesikia habari ya ukingo wa meza kumfika mtu kidevuni. Nyumbani kwao kulikuwa na viti viwili na stuli moja fupi, na anayekalia stuli ni mmoja tu. Mpini ulikuwa mkubwa kwa sababu ulikuwa karibu na aliyechora. Hakuwa na elimu ya picha, lakini alimjua mwanawe. Kama mumewe angeisoma picha ile sawasawa, Chiriku asingeliona jua la kesho.

Kasorobo aliomba picha wakati ule ule na akapewa. Aliibeba kwapani, mkewe nyuma yake, binti nyuma ya mama, wakafuata barabara ya kwenda nyumbani mchana mweupe.

"Hongera, Baba Chiriku!" aliita mwenye duka la pembeni. "Kumbe una msanii ndani ya nyumba!"

Kasorobo akasimama na kumgeuzia picha. "Wewe unaona nini hapa?"

Mwenye duka akamtazama yeye kabla ya kutazama picha. "Naona... naona chai, bwana."

"Mimi naona mkate," alisema mteja mmoja aliyekuwa akinywa soda pale, mzaha ukimtoka kabla hajaupima. "Hata mkate kaukata kasorobo!"

Wawili watatu walicheka, na mwenye soda akajuta papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza Kasorobo kulisikia jina lile usoni pake. Alitikisa kichwa polepole, akaibana picha ile kwapani, akaendelea na safari. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

Mama Chiriku alipunguza mwendo mpaka binti akamfikia. "Kiko wapi?" alinong'ona.

Chiriku alitazama mbele.

"Mwanangu, nakuuliza. Kiko wapi nikitupe?"

"Mama, usiniulize."

"Chiriku!"

"Ukijua, atakutoa meno ili umwambie. Usiniulize."

Mama akataka kumshika mkono, lakini mumewe aligeuka nyuma, na kila mmoja akarudi mahali pake.

Nyumbani Kasorobo alifunga mlango kwa komeo. Aliisimamisha picha juu ya cherehani ya mkewe, ikaegemea ukuta. Akavua shati jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka kitini.

"Leteni vitu," alisema. "Kila kilichochorwa nakitaka mezani."

Mama akaleta birika. "Hapo sipo," alisema mumewe, "kushoto kidogo. Huoni kwenye picha? Hapo." Akaleta sahani tatu, akaambiwa iliyomeguka igeuzwe upande wa mlango. Chiriku akaleta mkate, kikombe cha maziwa na kitambaa. Ilichukua muda, maana Kasorobo alikuwa akirudi nyuma, anafumba jicho moja, anasogeza sahani kwa ncha ya kidole kama mtu anayepanga maua. Angecheka mtu asiyemjua. Kati ya wote waliomsikiliza profesa ukumbini, hakuna aliyelishika somo lake kama yeye.

"Kimebaki kimoja," alisema.

Akagonga kwa kidole mahali palipobaki wazi mezani.

"Profesa wenu kasema woga. Mimi sikusoma, nauza nyama. Lakini anayeogopa kisu hakifuniki kwa kitambaa na kukiweka karibu na chakula. Huyo haogopi. Huyo anasubiri mtu alale." Akamgeukia mkewe. "Ulikuwa unasubiri nini, Mama Chiriku?"

Mkewe alipiga moyo konde. Kama ameshaamua ni yeye, basi na awe yeye. "Nilikichukua mimi," alisema. "Mtoto hajui lolote. Alichora alichokiona."

Kofi la kwanza lilimpeleka ukutani. La pili lilimkuta hajasimama. Kasorobo hakuwa akipiga kwa fujo kama wanavyopiga walevi, alipiga kwa mpango, mahali baada ya mahali, na kati ya pigo na pigo aliuliza swali lile lile.

"Kiko wapi?"

"Kwenye droo. Droo ya cherehani."

Akaichomoa droo nzima, akaimwaga. Nyuzi, vifungo, mkasi mdogo, chaki. Akaokota droo yenyewe akampiga nayo begani mpaka mbao zikaachana. "Kiko wapi?"

"Jikoni, nyuma ya debe."

Akaenda, akarudi mikono mitupu, akalinyanyua birika kutoka mahali alipolipanga kwa uangalifu mkubwa vile na kumpiga nalo la uso. Kifuniko kikaruka. Damu ikamtoka puani, ikaingia kinywani, na mama wa watu akawa anatafuta kwa haraka kichwani mahali pa tatu pa kutaja, kwa sababu hakujua kisu kilipo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko birika. Alikiri kosa ambalo hawezi kulithibitisha, na kila uongo ulimnunulia pigo jingine.

Nje, jirani aliyekuwa akianua nguo alisikia yote. Aliongeza sauti ya redio, kama alivyofanya siku zote, na kama walivyofanya wengine wote wenye redio upande ule. Kesho yake wangempa pole na kumuuliza nguo za watoto zitakuwa tayari lini.

"Nimetupa," alisema Mama Chiriku. "Nilikitupa. Basi, baba, nimekitupa."

"Kisu changu ukitupe?" Akamkamata kile kidole kibovu.

"Baba," alisema Chiriku, "umeitazama vibaya."

Kasorobo alisita. Binti huyu alikuwa hajamwambia sentensi nzima tangu kisu kilipopotea.

"Kaa hapa nikuoneshe." Chiriku aliisogeza stuli yake mezani, akaipangusa kwa kiganja kama anamkaribisha mgeni. "Pale unaposimama huoni kitu. Kaa."

"Chiriku, nyamaza!" alilia mama kutoka sakafuni. "Mume wangu, usimsikilize, hana akili huyo! Ni mimi!"

Udadisi ulimshinda. Au pengine, na hili hatutalijua, alitaka kweli kujua mwanawe alikuwa amechora nini. Alimwachia mkewe kidole, akaja, akaushusha mwili wake mkubwa kwenye stuli fupi. Magoti yalipanda karibu na kifua. Akainama kidogo, na ukingo wa meza ukamfika kidevuni. Akatazama meza, akatazama picha juu ya cherehani, akatazama meza. Sahani iliyomeguka ilikaa sawasawa. Kiti chake yeye, kilichokuwa kichwani pa meza, kilionekana kutoka pale kirefu kama mlango.

"Mpini umeelekea wapi?" Chiriku aliuliza.

"Huku."

"Kwa nani?"

Uso ulimshuka Kasorobo. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, yule aliyeogopa alikuwa yeye, na mkewe aliyekuwa akijipangusa damu aliliona hilo na hakulifurahia hata kidogo, kwa sababu alijua litafuatiwa na nini.

"Mimi ni baba yako," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Nakulisha."

"Ndiyo."

"Nikakufundisha na kazi, unaingia bucha kama mwanamume. Halafu unanichorea..." Akainuka, stuli ikaanguka, lakini hakumfuata binti. Alimfuata mama. Ndivyo alivyozoea: kosa alifanye yeyote, hesabu inalipwa na mmoja. "Umemtia wewe sumu hii! Wewe!" Akamkaba kwa mikono miwili, akamnyanyua kutoka sakafuni mpaka visigino vikaacha kugusa chini. Mama Chiriku alitupa mateke, mateke yakalegea.

Kisu kilikuwa kimefungwa kwa lastiki ya kushonea chini ya ubao wa stuli ile aliyotoka kuikalia. Sasa stuli ilikuwa imelala ubavu na mpini umekaa wazi. Chiriku alikivuta. Likizo zote alizofanya kazi bucha, baba yake alimfundisha mahali ambapo kisu chembamba hupita bila kugonga mfupa, na alikuwa mwanafunzi mzuri kwa walimu wote. Alichoma mara moja, chini ya mbavu, kuelekea juu.

Kasorobo alimwachia mkewe. Aligeuka, akamtazama binti kwa mshangao wa mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma, akashika meza. Meza ikainama. Sahani, mkate, kikombe cha maziwa, vyote vikateleza vikamwangukia, na akaanguka navyo.

Majirani walikuwa wamezoea kelele. Kilichowashtua ni kimya. Redio moja ikazimwa, kisha nyingine.

Ndani, Mama Chiriku alikuwa akikohoa na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Alimvutia binti kwenye ndoo, akamwosha mikono mpaka kwenye viwiko, akamvua gauni na kulisukuma motoni jikoni, akamvisha jingine alilokuwa amelimaliza kushona kwa ajili ya mteja. Kisha akaenda kukishika kisu mwenyewe, kwa nguvu, mkono mzima.

"Mama, ni mimi. Waambie ni mimi."

"Nisikilize. Una mtihani."

"Mama!"

"Nimesema una mtihani!" Sauti ilitoka kama mchanga kooni. "Mimi nimekaa miaka yote hii sikufanya lolote. Ulifanya wewe kazi yangu. Malipo yake niachie mimi mama yako, usinivunjie heshima."

Mlango ulianza kugongwa. Mama aliisimamisha meza, akaisimamisha stuli mahali pake. Halafu akakumbuka mto. Kwenye kiti chake palikuwa na mto mdogo wa vitambaa alioushona mwenyewe kwa ajili ya kiuno. Aliuchukua, akauweka juu ya stuli, akafungua komeo.

Askari walioitwa na majirani walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, mtaratibu. Mama Chiriku alimwambia nimemuua mimi, akanyoosha mikono. Pengine yangeishia hapo, kama si jirani mwenye redio kujipenyeza mlangoni. Leo alikuwa na macho na masikio.

"Afande, tazama picha," alisema. "Leo shuleni wameisoma. Huyo mtoto ndiye aliyechora hicho kisu. Mtu anachoraje kitu asichokijua?"

Askari akaichukua picha. Aliitazama kwa muda, akaitazama meza, akazunguka, akainama hapa na pale mpaka akaipata pembe yenyewe. Hakuwa mjinga. "Aliyechora alikuwa chini," alisema. "Na kisu kilikuwa mbele yake yeye. Nani anakaa kwenye stuli hii?"

"Mimi," alisema Mama Chiriku, akaenda akaikalia. Makalio yaligusa ule mto. "Mume wangu alikaa pale, na mtoto kwenye kile kiti. Kisu nilikificha hapa chini yangu, na lastiki yake ile, ya cherehani yangu. Siku moja nilikiacha chini ya kitambaa kwa uzembe, nikatoka kwenda kwa mteja. Mtoto akakalia stuli yangu apate mwanga wa dirisha, akachora alivyoona. Hakujua ni cha nini."

Uso wake ulikuwa umevimba jicho moja halifunguki, alama za vidole kumi ziko shingoni, na alikaa kwenye stuli ile fupi amenyooka kama aliyekaa kwenye kiti cha enzi. Askari akamgeukia binti.

"Ndivyo? Mama yako hukaa hapo?"

Chiriku alitazama picha yake. Hakuwa amechora humo hata kitu kimoja cha uongo. Mama yake akamkazia lile jicho moja.

"Hukaa hapo," alisema. "Siku zote."

"Na wewe unakaa wapi?"

Akatembea mpaka kwenye kiti cha mama yake, akakaa. Hakuwahi kukaa pale. Kutoka pale meza ilikuwa ndogo, na ukingo wake haukumfika hata kifuani. Kiti cha baba kilikuwa mbele kabisa, uso kwa uso, karibu kiasi cha kufikiwa na mkono, na hapakuwa na upande wa kutazama ukakikwepa.

Askari akamfunga Mama Chiriku pingu, akijitahidi kukikwepa kidole kibovu. Majirani walipisha njia. Mlangoni mama alisimama, akageuka, akamwona binti anaanza kuinuka.

"Kaa hapo hapo," alimwambia. "Usihame."